Funda la Kwanza

Kazi ya Mnzava ilikuwa kuwahuzunisha panya.

Ukimwambia mtu hivyo atadhani unamtania, lakini ndivyo ilivyokuwa, na serikali ilimwajiri kwa kazi hiyo. Kila asubuhi aliingia Wodi Namba Mbili, ile iliyokuwa wodi ya wazazi enzi zahanati ya Mrindi ilipokuwa zahanati, akawasha taa kali, akaanza. Leo anainamisha vizimba upande mmoja. Kesho anamwaga maji kwenye majani wanayolalia. Siku nyingine anafungulia sauti ya bundi kwenye spika, anaizima, kisha anaifungulia tena pale pale wanapoanza kusinzia. Ratiba haikuwepo, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Mateso yakishazoeleka hayaitwi mateso tena, yanaitwa maisha.

Hawakuwa panya wadogo wa jikoni. Walikuwa panya buku, wakubwa kama sungura, wenye mashavu ya kuhifadhia chakula na macho ya mtu aliyeitwa ofisini bila kuambiwa kosa. Ukutani, juu ya vizimba, namba za vitanda zilikuwa bado zinaonekana chini ya rangi mpya. Kitanda cha tano ndipo Nakiete, bintiye pekee, alipozaliwa. Sasa palikaa buku jike mwenye sikio lililochanika.

"Kwa nini mmenichagua mimi?" aliuliza siku alipoajiriwa.

"Una mkono mtulivu, mzee wangu," alijibu Daktari Tusajigwe, mkuu wa kituo, mama wa makamo aliyetoka kusini na aliyependa kuongea kwa upole kama mtu anayebembeleza mtoto asiye wake.

Mkono mtulivu! Semeni tu ni uzoefu, alijisemea Mnzava. Nani katika kata hii anaijua huzuni kunizidi, na nani walionisomesha kama si ninyi?

Maana walimsomesha kweli. Miaka miwili nyuma Idara ya Utulivu iliichukua zahanati, ikaizungushia uzio, ikaweka lango linalosema. Mkewe, Namsifu, alishikwa na tumbo wiki ile ile. Mnzava alimbeba mgongoni kutoka mtaa wa juu, na walipofika walikuta lango badala ya mlango. Namsifu sauti ilikuwa imekwisha. Mkononi alikuwa na ufunguo wa nyumba yao, akaanza kugonga chuma kwa ufunguo ule. Ti. Ti. Ti. Na lango likajibu kwa sauti ya binti mwenye adabu: "Kituo hiki hakihudumii binadamu. Asante kwa utulivu wako." Aligonga, likajibu. Aligonga, likajibu. Mwishowe lango peke yake ndilo lililobaki likisema.

Idara ilidai hakuna mtu aliyefika langoni siku hiyo. Lango, walisema, halina kumbukumbu. Shahidi alikuwa mmoja tu duniani, na shahidi huyo sasa alikuwa anainamisha vizimba.

*

Safu ya vizimba vya dirishani ndiyo iliyopewa dawa ya huzuni. Ilitoka kwenye mnyamaa, mmea wa kivulini ambao wafugaji wa zamani walimchemshia ng'ombe aliyefiwa na ndama ili akubali kukamuliwa. Idara iliukamua mmea huo mafuta, mafuta yakawa matone, na Mcharo, kijana mcheshi wa chumba cha dawa, ndiye aliyeyatia kwenye maji ya buku. Mnzava hakuruhusiwa kugusa upande huo wa kazi. Yeye alikuwa upande wa huzuni.

"Njoo uone, mzee," Mcharo alimwita asubuhi moja. "Hawa wamepona kutushinda mimi na wewe."

Kila kizimba kilikuwa na chupa mbili, ya maji matupu na ya maji ya sukari. Buku aliyevunjika moyo hunywa popote, utamu na utupu kwake ni mamoja. Hawa wa dirishani walikuwa wamerudi kwenye sukari. Manyoya yalikuwa yanang'aa. Walikula, walinenepa, walilala usingizi wa mchana.

Lakini walikuwa wameketi wote wakitazama upande mmoja, upande aliosimama Mnzava. Alipopeleka mkono kuwamwagia maji, yule jike wa sikio lililochanika alisogea akamlamba vidole, kimoja baada ya kingine, polepole. Mkono mtupu haulambwi, walisema wahenga. Wahenga hawakufika Wodi Namba Mbili. Mnzava alimwaga maji. Jike alilala juu ya majani yaliyolowa, akafumba macho kwa raha.

"Fungua mlango," alisema Daktari Tusajigwe nyuma yao.

Mcharo alifungua. Upande wa pili wa mlango kulikuwa na kizimba kikavu chenye nyasi mpya na karanga. Wale wasiopewa dawa, hata waliokata tamaa, mlango ukifunguliwa walijikokota mpaka pakavu. Jike aliutazama mlango. Alizitazama karanga. Kisha akarudisha kichwa chake kwenye maji, akatulia.

Mnzava alihisi nywele za shingoni zikisimama.

"Kapona?" aliuliza.

"Hana huzuni hata chembe," alisema Daktari.

"Mbona hatoki?"

Daktari aliinama mbele ya kizimba. "Pengine haoni sababu ya kutoka," alisema. "Hapo alipo hapamuumi."

"Basi hapo mmeitengeneza dawa ya wananchi," alisema Mnzava, na Mcharo akacheka mpaka Daktari alipomtazama.

*

Siku hiyo hiyo aliiba kichupa cha mnyamaa.

Asingeiba kwa ajili yake. Afadhali angekunywa maji ya vizimba. Aliiba kwa ajili ya Nakiete. Binti alikuwa chuo cha ualimu mama yake alipokufa, akarudi kuzika, hakwenda tena. Alilala akitazama ukuta. Kanga ilimzunguka mara mbili. Kipimo cha Idara, ile bangili ya kioo ya kusoma huzuni ambayo kila mtu katika kata alivalishwa, kwenye mkono wake kilikuwa chekundu usiku na mchana kama kaa la moto. Na juzi jirani alimkuta ameketi ukingoni mwa korongo, miguu inaning'inia, akamrudisha nyumbani kwa kumshika mkono kama kipofu.

Mnzava aliyajua macho yale. Aliyaona kila siku kazini. Akawaza: akiwa kama jike yule, si ataishi? Akawaza tena: akiishi kama jike yule, ataishi nani? Alikwenda na swali hilo njia nzima mpaka nyumbani, na alipofika hakuwa amepata jibu, ila alikuwa na kichupa.

Tatizo lilikuwa kumnywesha. Namsifu alipokufa, watu wa Idara walipenyeza uvumi msibani kwamba marehemu alilishwa kitu na mkono wa nyumbani. Watu hupenda mchawi kuliko lango. Tangu hapo Nakiete hakupokea kinywaji ambacho mtoaji hajakionja mbele yake. Haikuwa tabia ya ajabu. Mrindi tangu zamani mwenye kukupa kata ya dengelua, ile pombe ya miwa, huinywa yeye kwanza, akuondolee shaka. Lakini Nakiete hakukubali mtu aguse tu kwa midomo. Alitaka funda zima, alione likishuka kooni.

Asubuhi Mnzava alikoroga uji wa ulezi, akaumimina kwenye kikombe cha bati, akadondosha matone ya mnyamaa juu yake, akampelekea kitandani.

"Onja kwanza, baba."

"Hata mimi, mwanangu?"

"Hata wewe."

Akapiga funda. Ulikuwa na harufu ya majani yaliyooza na utamu kwa mbali. Funda moja si kitu, alijiambia, kikombe kizima ni chake. Nakiete alilitazama koo la baba yake, akapokea, akanywa taratibu mpaka chini.

Ikawa ndiyo desturi yao kila asubuhi. Anaketi ukingoni mwa kitanda, anapiga funda, anampa, wanazungumza kidogo. Zamani hawakuwa wakizungumza.

*

Dawa ilianza kufanya kazi. Wiki za mwanzo Nakiete aliamka na kukaa barazani. Kisha alifagia uwanja. Siku moja alicheka, jogoo alipoteleza kwenye ngazi, na Mnzava akajikuta anachungulia kipimo cha binti kwa woga. Kilikuwa cha njano. Baadaye kijani. Jioni kilirudi chekundu, asubuhi njano tena.

Alimchunguza jinsi alivyowachunguza buku. Binti alipounguza kidole jikoni, alisikiliza kama atapiga kelele. Alipiga kelele, na tusi juu yake. Siku moja alimkuta amevaa kilemba cha mama yake.

"Nimemwota leo," alisema Nakiete. "Alikuwa ananigombeza nimeunguza maharage. Baba, nimeamka nikiwa na furaha. Ni vibaya?"

Furaha! Ndiyo hiyo, inakuja, alisema Mnzava moyoni. Kesho atakwenda kulilamba lango. Aliapa kupunguza matone. Hata hivyo hakupunguza. Asubuhi zile zilikuwa nzuri mno: mwanga wa jua kwenye kikombe cha bati, mwanawe ameketi kitako, uji unafuka moshi. Mtu ana haki ya kuwa na asubuhi nzuri.

Hata kazini mambo yalikuwa yamekaa vizuri. Lango lilimsalimu kila siku bila kuchoka, na ukilisikiliza vizuri lilikuwa na sauti ya heshima. Daktari Tusajigwe hakuwa mtu mbaya. Ana watoto wake huko kusini, anawakumbuka. Mcharo alimletea ndizi. Buku wa dirishani walimlamba vidole, naye aliwaacha wamalize.

"Baba," Nakiete alisema asubuhi moja, na macho yake yalikuwa makali kama ya Namsifu akibishania bei sokoni. "Tume ya kuchunguza habari ya zahanati inakuja Mrindi. Itakaa ukumbi wa kata Jumamosi ijayo. Watu wakitoa ushahidi, zahanati inarudi. Usipopatikana ushahidi, wanafunga jalada, na hapa hapatakuwa na zahanati mpaka wajukuu wetu wazeeke. Mke wa Kiondo ana mimba ya miezi saba, atazalia wapi? Nimeongea na watu, kila mtu anasema aliyeona ni baba yako."

"Nitasema."

"Utasema yote? Na ufunguo?"

"Miaka miwili nimeyashika maneno hayo, mwanangu. Sijadondosha hata moja."

Na kweli alikuwa nayo yote. Aliyapitia njiani, moja baada ya jingine, kama mtu anayehesabu mbuzi wake. Walikuwepo wote. Walikuwa wametulia tu, wanatafuna.

*

Kituo kilipata mtumishi mpya wa chumba cha dawa, na Daktari alikuwa akimwelekeza. Mnzava alikuwa anainamisha vizimba upande wa pili wa mlango.

"Hii ni mafuta, inaelea," Daktari alisema. "Kwa macho huioni, lakini inakaa juu kama krimu. Bila kuipekecha kwa nguvu, buku wa kwanza kunywa anachukua yote, na anayefuata anakunywa maji. Tulipoteza miezi kabla hatujajua hilo. Tulidhani wawili wanatibiwa, kumbe ni mmoja."

"Na yule wa pili?"

"Wa pili mara nyingi alipona hata hivyo, akiwa kizimba kimoja na mwenziwe. Mnyama akipata wa kulala naye ubavuni, hupona polepole, hurudi nyuma, husonga mbele. Kuna siku nzuri, kuna siku mbaya. Huyu wa dawa hana siku mbaya."

"Akiachishwa dawa?"

"Inarudi yote. Kwa mkupuo."

Mnzava aliweka kizimba chini. Hakuwahi kuukoroga uji ule baada ya kutia matone. Alisimama akayatazama mambo hayo mawili, funda la kwanza na mafuta yanayoelea, jinsi yalivyokutana taratibu kama watu wanaofahamiana.

Kipimo chake mwenyewe alikuwa amekizungushia kitambaa tangu msiba, kwa ukaidi, ili Idara isimsome. Alikwenda nyuma ya wodi akakifungua kile kitambaa. Kioo kilikuwa kijani. Hakikupepesa. Kilikuwa kijani cha jani la mgomba baada ya mvua, na kilionekana kimekuwa hivyo siku nyingi.

Alijua alipaswa kuogopa. Aliutafuta woga kila mahali alipozoea kuuweka, tumboni, shingoni, magotini. Hakuukuta. Alikuta pametandikwa vizuri.

Basi Nakiete amejiponya mwenyewe, aliwaza. Vizuri. Na mimi je?

Aliuelewa uchaguzi wake wote, wala hakujidanganya. Tume ilikuwa inakuja. Akiacha sasa hivi, Jumamosi atasimama pale akiwa mtu mzima mwenye jeraha lake, aseme. Asipoacha, atasimama buku.

Kesho yake alimimina uji bila matone. Alipiga funda, akampa binti, akaenda kazini. Hakikutokea kitu. Siku ya pili hakikutokea kitu. Siku ya tatu, akiwa anamwaga maji kwenye kizimba cha tano, alisikia nje, mbali, chuma kikigongwa.

Ti. Ti. Ti.

Alitoka mbio. Langoni hapakuwa na mtu. Lakini mlio uliendelea, na sasa ulikuwa ndani ya meno yake, na mgongo wake ulihisi uzito, joto la tumbo la Namsifu kwenye mgongo wake, pumzi yake sikioni, na mkono ule ukipita juu ya bega lake kugonga, kila mara kwa nguvu pungufu. Alipiga magoti kwenye changarawe. Kipimo kilikuwa chekundu. Hakuwa amesahau neno hata moja, alikuwa amesahau tu kwamba maneno hayo yanauma. Akapiga yowe ambalo buku wa ndani, wale wasio na dawa, walilijibu wote kwa pamoja.

Lango likamwambia: "Asante kwa utulivu wako."

Kichupa alikuwa amekificha kwenye mwanya wa ukuta nyumbani kwake. Alifika akihema. Aliapa ni tone moja tu, la kumvusha mpaka Jumamosi, kwa sababu mtu anayelia hivi hawezi kusimama mbele ya Tume akaeleweka. Ilikuwa hoja nzuri. Alikunywa yote iliyobaki.

*

Ukumbi wa kata ulijaa. Wingu la mvua lilikuwa limetanda. Kamishna wa Tume, mzee mwenye miwani, aliwakaribisha vizuri, na Mnzava alimwona ni mtu mpole. Wakili wa Idara alisoma taarifa: siku iliyotajwa hakuna binadamu aliyefika langoni.

Nakiete alisimama. Kipimo chake kilikuwa chekundu tupu, lakini alizungumza. Alimtaja mama yake kwa jina. Aliwataja wajawazito waliobebwa kwa machela mpaka mji wa bondeni. Watu waliguna, wengine wakalia.

"Wewe ulikuwepo langoni, binti?" aliuliza Kamishna.

"Sikuwepo, mheshimiwa. Aliyekuwepo ni baba yangu. Huyu hapa."

Wote wakageuka. Mnzava alisimama. Alitabasamu kwa sababu nyuso zote zilikuwa zikimtazama yeye, na ni vizuri kutazamwa.

"Eleza, mzee."

"Nilikuwepo," alisema Mnzava. "Mke wangu aliumwa. Nilimbeba. Tulifika langoni. Lango lilitujibu vizuri."

"Vizuri?"

"Kwa adabu kabisa, mheshimiwa. Hapakuwa na shida."

Kiondo, kule nyuma, alisema, "Mzee, vipi tena?" Nakiete alikuwa anamwangalia baba yake kama mtu anayemtazama mgeni aliyevaa nguo za nyumbani kwake. Aliangalia kipimo cha baba kilichokosa kitambaa, kijani kitupu. Kisha akaliangalia koo lake. Aliliangalia muda mrefu, na mkono wake ukapanda polepole ukafunika mdomo.

"Baba," alisema. "Ulikuwa unanionjea nini?"

Nakiete akatia mkono mfukoni mwa koti la baba yake, akautoa ufunguo ule wa nyumba, akaanza kugonga nao mguu wa chuma wa meza ya Tume. Ti. Ti. Ti. Machozi yalimtiririka. "Baba, mwambie alivyogonga. Ti. Ti. Mwambie alivyogonga!"

Mnzava alisikiliza. Ilikuwa sauti ndogo, safi, kama matone ya kwanza ya mvua juu ya bati, ile mvua ambayo watu huingia ndani wakicheka. Ndani yake kulikuwa na mtu. Alijua kulikuwa na mtu, na kwamba alikuwa anamwita.

"Asanteni sana," aliiambia Tume, "kwa kutujali."

Kamishna akafunga jalada.

Watu walitoka. Mke wa Kiondo alipita, mikono juu ya tumbo, hakumsalimu. Mvua ilianza, na bati la ukumbi lilikuwa limetoboka juu ya kiti alichokalia Mnzava. Maji yalimdondokea kichwani, yakamtiririka mgongoni, yakalowesha kiti. Viti vingine vyote vilikuwa vikavu.

Mlangoni alisimama Nakiete. Alikuwa ameushika mlango wazi kwa bega, mkono mmoja umenyooshwa kwake, ufunguo bado kwenye mkono wa pili.

"Twende, baba. Twende nyumbani. Nitakaa na wewe mpaka hiyo dawa itoke yote. Hata ikituua, twende."

Mnzava aliutazama mlango. Alimtazama binti yake. Akautazama mkono ule ulionyooshwa, na kwa kuwa ulikuwa mbali, na hapo alipokuwa hapakumuuma, akatabasamu, akafumba macho, akaegemea kwenye kiti kilicholowa.